Aliye Juu Tulimngoja Chini: Kumsoma Upya Hasheem Thabeet

Wanaomcheka Hasheem Thabeet huwa hawana maneno mengi. Wana orodha tu. Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, timu za ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, zilichagua wachezaji wapya. Namba moja: Blake Griffin, akachukuliwa na Los Angeles Clippers. Namba mbili: Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Namba tatu: James Harden. Namba saba: Stephen Curry. Hapo msomaji wa orodha ananyamaza kidogo, anakutazama usoni, halafu kijiwe kizima kinaangua kicheko. Chumvi haihitajiki. Eti Memphis waliwekewa Curry mezani, wao wakabeba mlingoti!

Kichekesho hiki utakisikia kwenye vibanda vya chipsi, kwenye daladala, hata kwa watu ambao hawajawahi kuudunda mpira wa kikapu maishani mwao. Kimeenea mpaka kimekuwa kama methali, na methali watu huitumia bila kuichunguza. Mimi naona hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanzia. Tumezoea kuhakiki vitabu. Leo naomba tuhakiki maisha ya mtu, kwa sababu maisha hayo yameshageuzwa hadithi, na hadithi yenyewe imesimuliwa vibaya.

Nitasema mapema ninachokiamini ili tusipotezeane muda. Hasheem hakuwa mchezaji mkubwa wa NBA, na sitajaribu kukudanganya, ndugu msomaji, kwamba alikuwa. Lakini kosa tunalomcheka nalo, lile la namba mbili, hakulifanya yeye. Na kile ambacho ni chake kweli, yaani safari yake na ukaidi wake wa kuendelea kucheza, hatujakisoma kabisa.

FANI BILA MAUDHUI

Shuleni tuliimbishwa fani na maudhui mpaka tukaziota usiku. Basi tuzitumie. Kicheko cha kijiweni kina fani nzuri sana: ni kifupi, kina majina makubwa, kina mwisho wa ghafla. Maudhui ndiyo hafifu. Kinamchukua mtu wa futi 7 na inchi 3 na kumfanya mhusika bapa, asiye na utoto, asiye na sababu, asiyebadilika. Anaingia ukurasa wa kwanza akiwa mrefu, anatoka ukurasa wa mwisho akiwa mrefu na ameshindwa. Mwandishi chipukizi akiniletea mhusika wa aina hiyo, namrudishia daftari lake.

Hebu tumpe huyu mtu utoto wake. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo. Kikapu alianza kukicheza akiwa na miaka kama 15 hivi. Kumi na tano! Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alianza kukunjwa jua likiwa limeshampiga. Piga hesabu, utaangukia kwenye mwaka 2002 au karibu na hapo. Mwaka huo, kule Toronto, mzee mmoja aitwaye Dell Curry alimaliza msimu wake wa 16, na wa mwisho, katika NBA. Dell Curry ni baba yake Stephen. Yaani wakati Stephen ameshakulia kwenye viwanja vya NBA kama mtoto wa muuza duka anavyokulia dukani, akijua bei ya kila kitu kabla hajajua kusoma, Hasheem ndiyo kwanza anafundishwa kwamba ukishika mpira huu huruhusiwi kukimbia nao bila kuudunda. Miaka 7 baadaye wote wawili wako kwenye orodha moja, na huyu wa Dar yuko juu. Ingekuwa riwaya, mhariri angekwambia punguza, haiaminiki.

Miaka hiyo 7 ilipitia Houston, Texas, ambako alimalizia sekondari katika shule ya Cypress Christian. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Alikaa misimu 3, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kazi yake ilikuwa kuzuia mitupo. Kwa asiyejua: mpinzani ameshaurusha mpira, nao uko njiani kupanda, wewe unatakiwa uupangue hewani kabla haujaanza kushuka. Ukichelewa nukta moja, ukaugusa wakati unashuka, mwamuzi anawapa wenzako pointi. Ukiwahi mno, umemgonga mtu mkono, ni faulo. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi, vinginevyo kila mrefu angekuwa bingwa. Inatakiwa akili ya kusubiri. Hasheem alizuia mitupo zaidi ya 400 katika misimu hiyo 3. Mwaka 2008 na tena 2009 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo iliyokuwa miongoni mwa ngumu kuliko zote Marekani. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Msimu huohuo Connecticut waliingia katika nne bora za nchi nzima. Kijiweni huwezi kuyasikia haya. Yanaharibu kicheko.

Lakini tusichague kurasa tunazozipenda. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja nchini, walicheza na Pittsburgh. Kule kulikuwa na jamaa mmoja mnene na mfupi kwa kipimo cha masenta, DeJuan Blair. Wakiwa wanagombania mpira, Blair alimnasa mkono Hasheem na kumtupa juu ya mgongo wake kama gunia la mkaa. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alimaliza na pointi 5. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Mwisho wa msimu Big East ikawapa wote wawili, Blair na Hasheem, tuzo moja ya mchezaji bora, wagawane. Sasa angalia: Juni ilipofika, Hasheem alichaguliwa namba 2, na Blair namba 37. Kama namba ndiyo kipimo cha haki, hapo nani wa kuchekwa? Udhaifu wa Hasheem ulikuwa umeonyeshwa hadharani miezi 4 kabla. Kila timu iliuona. Yeye hakuuficha popote.

MWENYE KOSA NI NANI?

Mchezaji hajichagui. Hili ni jambo dogo, lakini kicheko chote kimejengwa juu ya kulisahau. Meza ya Memphis ilikuwa na watu wazima wanaolipwa kutazama wachezaji. Nao tayari walikuwa na senta, Marc Gasol, Mhispania aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza nao. Majira yaleyale ya joto wakamleta na Zach Randolph, naye mtu wa kucheza chini ya kikapu. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, ambaye dawa yake kubwa ilikuwa dakika za uwanjani, akawekwa nyuma ya mtu ambaye mwaka 2013 angetangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Unapanda mche chini ya mwembe, halafu unashangaa mbona haukui!

Na tusisahau kwamba kumkosa Curry hakukuwa ujinga wa Memphis peke yao. Minnesota walikuwa na nafasi mbili mfululizo, namba 5 na namba 6. Wakachukua magadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Curry, naye gadi, akawapita mara mbili mbele ya macho yao. Mbona hakuna kijiwe cha Bongo kinachomcheka Flynn? Jibu tunalijua. Flynn hakutoka Dar. Hatukumngoja chini kwa sababu hatukumwona akipanda.

Lakini mhakiki anayemtetea mtu kwa kila kitu si mhakiki, ni wakili. Kwa hiyo tuseme na haya. Hasheem alicheza mechi 224 za NBA, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Msimu wake wa kwanza, wastani wa pointi 3.1, ndio ulikuwa wa juu kuliko yote. Baada ya hapo hakufika tena hapo. Mikono haikuwa myepesi kupokea pasi za haraka, miguu ilichelewa, faulo zilimjia mapema. Na ule utetezi wa kuanza umri umekwenda una mipaka yake. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza kikapu akiwa na miaka kama hiyohiyo 15, akachaguliwa namba moja mwaka 1984, akawa mmoja wa masenta wakubwa kuliko wote waliopata kucheza. Olajuwon alikuwa amecheza mpira wa mikono na kudaka golini. Miguu yake ilishasomeshwa na michezo mingine. Hata hivyo ukweli unabaki: kuchelewa kuanza kunaeleza mengi ya Hasheem, hakuelezi yote. Alipewa nafasi, na nafasi ikampita.

Ninachokataa ni kwamba habari inaishia hapo.

WILLY GAMBA NA KAZIMOTO

Sisi vijana wa mjini tumelelewa na Willy Gamba, yule mpelelezi wa marehemu Elvis Musiba. Willy anapigwa, anafungwa kamba, risasi zinampita sikioni, lakini unajua kabisa sura ya mwisho atasimama yeye. Tunampenda kwa hilo. Ubaya ni kwamba tumebeba kipimo cha Willy Gamba tukakipeleka kwa watu wenye damu na mifupa. Tulitaka Hasheem aende Marekani, awapige Wamarekani, arudi na kombe. Aliposhindwa kuwa Willy Gamba, hatukuwa na hadithi nyingine ya kumweka ndani yake, tukamweka kwenye vichekesho.

Lakini fasihi yetu inayo njia nyingine. Marehemu Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji, alituletea Kazimoto: msomi, tegemeo la watu, ambaye mambo yanamwendea kombo hadi mwisho mbaya kabisa. Kezilahabi angeweza kumfanyia kejeli, maana Kazimoto ana vituko vingi. Hakufanya hivyo. Alikaa naye mpaka mwisho, akatulazimisha na sisi tukae. Ukifunga kitabu kile huwezi kusema "alishindwa" ukaenda kula. Unabaki unajiuliza nani alimwekea matumaini makubwa namna ile, na kwa faida ya nani.

Hasheem si Kazimoto, ashukuriwe Mungu. Yeye aliendelea, na mwendelezo huo ndio sehemu ya maisha yake inayohitaji mwandishi. Februari 2010, katikati ya msimu wake wa kwanza, Memphis walimteremsha kwenye ligi ndogo, akachezee Dakota Wizards. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kuteremshwa huko kabla yake. Wizards maskani yao ilikuwa Bismarck, North Dakota, mji ambao Februari barafu hukatalia barabarani na mate yanaganda. Fikiria kijana wa Dar, mwenye mkataba wa mamilioni ya dola, ambaye kila mtu ukumbini anajua kwa nini yuko pale. Angeweza kugoma. Angeweza kujitia maumivu ya goti, akakaa nyumbani akila mshahara. Alivaa jezi akacheza.

Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston Rockets ili wao wampate Shane Battier, na Battier akawasaidia kuwatoa San Antonio Spurs waliokuwa vinara wa upande wao. Houston alicheza mechi 7 tu. Machi 2012 akatupwa Portland, akacheza 15. Kwa hesabu za kijiweni, kesi imefungwa. Lakini majira yale ya joto Oklahoma City Thunder wakamchukua. Miezi michache baadaye, Oktoba 2012, Thunder haohao wakamuuza Harden, yule namba tatu, kwenda Houston. Kwa hiyo msimu wa 2012-13 ulipoanza, mlango ambao Harden alitokea ni uleule ambao Hasheem alikuwa ameingilia! Alicheza mechi 66 kati ya 82, karibu dakika 12 kila mechi, nyuma ya Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville. Timu ilishinda mechi 60. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa zamu, kama yule kondakta wa akiba anayeshika gari wakati mwenyewe anakula, na gari linafika salama. Timu yenye ndoto ya ubingwa haimpi mtu mechi 66 kwa huruma.

Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho kwake NBA. Mwaka 2014 Thunder wakampeleka Philadelphia, ambao walimwacha bila kumchezesha hata mechi moja. Akarudi ligi ndogo, Grand Rapids, Michigan. Baadaye akavuka bahari, Yokohama, Japani, msimu wa 2017-18. Baada ya hapo Taiwan, umri ukiwa umeshapita 30. Hapa nakuomba usimame, msomaji. Mtu aliyeitwa kituko kwa miaka 10, mwenye pesa alizokwishazipata, anaendelea kufunga kamba za viatu katika miji ambayo sisi hatujui hata kuitamka. Unaweza kusema hajui kukubali. Mimi nasema huyo anaupenda mchezo. Tulimwita mvivu kwa kuangalia takwimu. Takwimu hazipimi asubuhi ngapi mtu aliamka kwenda mazoezini wakati hakuna tena anayemsubiri.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Kuna atakayeuliza: sawa, lakini haya yanatuhusu nini sisi wa kalamu? Yanatuhusu sana. Mswada wangu wa riwaya umerudishwa mara mbili na mchapishaji mmoja hapa mjini, mara ya pili ukiwa na doa la chai kwenye jalada na bila hata mstari wa maelezo. Washikaji walipoliona lile doa walicheka wiki nzima. Najua kila anayesoma ukurasa huu ana doa lake. Wengine wameacha kuandika, na ukiwauliza watakwambia kazi zimewabana. Si kweli. Wameogopa orodha. Wameona jinsi tunavyomfanyia anayethubutu kupanda, wakaona heri wakae chini pamoja na wanaongoja.

Aliye juu mngoje chini. Ni methali yetu, na ina hekima yake kwa wenye kiburi. Lakini tumeigeuza kazi. Tunaweka viti, tunaagiza kahawa, tunangoja. Hasheem alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wa kwanza ndiye anayekanyaga miba ili wa pili aione. Hadi leo hajatokea Mtanzania mwingine aliyechaguliwa juu kama yeye, na sidhani kwamba urefu umetuishia. Nenda kwenye viwanja vya shule zetu uhesabu magoli ya kikapu yenye nyavu. Nenda ukatafute mtoto wa miaka 8 mwenye kocha. Kama aliyefika namba mbili duniani akitokea hapa anaonekana mzaha kwetu, mtoto huyo atapanda akimtazama nani?

Wahenga pia walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza mbali, na kwao wakamtunza kicheko. Hatuwezi kuirudisha ile siku ya Juni 2009, na hata tungeweza, Memphis wangefanya vizuri kumchagua mwingine. Hilo ni lao. Letu ni hadithi, na hadithi bado haijaandikwa inavyostahili. Sitaki riwaya ya shujaa, tumezishiba. Wala sitaki utenzi wa kumsifu, yeye mwenyewe angeona aibu. Nataka mtu mrefu mwenye miaka 23, ametoka nje ya ukumbi usiku baada ya mechi, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, na kesho kuna mazoezi.

Mwenye kalamu aanzie Bismarck.